Glasi Zilizorudi Zimejaa

Kras, 24 Novemba 2021

Mpendwa mdogo wangu Milojka,

Nakusalimu kutoka jikoni, kando ya jiko la kuni, mahali ninapoishi zaidi siku hizi kuliko hata kitandani. U hali gani huko Geelong? Moyo unakwendaje, na masikio je? Mwanao Robi na watoto wake hawajambo? Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu wa umri wangu: magoti yananung'unika, mikono inatetemeka, kichwa bado kipo. Simu ya Jumapili haikufaa kitu. Wewe hukusikia, mimi nikapiga kelele mpaka Ondina wa jirani akaja mbio kuuliza nani amekufa. Tuandikiane tu kama zamani.

Uliuliza habari za osmica yetu, siku zetu za kufungua ua na kuuza divai. Tulitundika tawi bichi pale njia panda, na kile kibao cha baba chenye mshale chini yake, siku ya Mtakatifu Martini, watu wakaona kwamba ua wetu akina Gruden uko wazi, wakaja. Nilichoma shingo ya nguruwe juu ya makaa ya matawi ya mizabibu, nikaipaka kahawa ya mama kwa unyoya wa bata bukini. Ni ile ile: kahawa nzito iliyochemshwa na asali, siki na pilipili manga mpaka ikawa kama lami. Nikafungua pipa la divai yetu ya teran, nyekundu, kali, kama baba alivyofungua kila mwaka. Watu walikula vizuri. Walikuwa watulivu sana safari hii na waliondoka mapema. Nadhani ilikuwa baridi. Kwa jumla ilifana.

Kuhusu safari yako ya masika, naona heri uiahirishe. Paa la upande wa ghala linatengenezwa na nyumba itakuwa vumbi tupu. Njoo baadaye, pakiwa pasafi.

Ni mimi kaka yako,
Silvan

*

Geelong, 9 Januari 2022

Kaka yangu Silvan,

Salamu kutoka kwenye joto la Australia linaloyeyusha mishumaa ya Krismasi mezani. Mimi sijambo, masikio yanazidi kufa, moyo unaruka kama chura lakini unarudi. Robi anakusalimu. Anasema simu uliyopiga kelele aliisikia yeye akiwa bustanini.

Sasa tuseme kweli. Paa gani? Babu aliliezeka paa lile kwa mabamba ya mawe, na upepo wa kaskazini umelipiga maisha yetu yote bila kung'oa hata bamba moja. Leo ndiyo linatengenezwa, mwaka ninaotaka kuja? Nilikwisha nunua sanduku. Nilikwisha nunua na viatu vyenye soli nene kwa ajili ya yale mawe yetu. Vimekaa mlangoni, vinanitazama.

Na hao wageni watulivu ni akina nani? Watu wa Kras, mbele ya divai, watulivu? Tangu lini? Nakumbuka wakiimba mpaka padre anafunga madirisha. Hukuniambia hata teran ilikuwaje. Zamani ulikuwa ukiniandikia ukurasa mzima juu ya pipa moja, profesa wa kemia kabisa, mpaka Robi anasema anko wake anaandika kuhusu divai kama watu wengine wanavyoandika kuhusu wanawake. Safari hii umeandika "nyekundu, kali". Hata mtoto wa shule angesema zaidi.

Sisi tulichoma nyama Krismasi, kwa gesi, Mungu atusamehe. Mke wa Robi alipaka kahawa mapema, asali ikaungua, tukala mkaa.

Basi, nitakuja mwezi wa Septemba. Vumbi la paa litakuwa limetua.

Mdogo wako,
Milojka

*

Kras, 20 Machi 2022

Mpendwa Milojka,

Natumai uko salama, wewe na wote wa nyumbani. Mimi sijambo.

Septemba nayo si nzuri. Ni wakati wa mavuno na sina mtu wa kukupokea kule uwanja wa ndege. Tuweke mwaka ujao. Nyumba haikimbii.

Baridi imeisha. Plamu za Ondina zimechanua.

Kaka yako,
Silvan

*

Geelong, 17 Julai 2022

Kaka Silvan,

Naandika polepole, uniwie radhi kwa mwandiko. Mwezi wa Mei nilianguka jikoni. Ubongo ulikosa damu kwa muda, mkono wa kushoto haukurudi wote. Nipo nyumbani, Robi ananipikia, vibaya.

Nilimuuliza daktari kuhusu ndege. Ni binti mdogo, mpole. Alinishika mkono ule mzima akasema, "Bibi, ndege hapana. Si mwaka huu wala mwaka ujao." Nikamwambia nina kaka. Akasema anasikitika. Nilimwona kweli anasikitika.

Kwa hiyo nimefungua sanduku nikarudisha nguo kabatini. Viatu nimempa jirani.

Ningependa kujua ni kitu gani kilikuwa muhimu kuliko mimi kuja. Sikuulizi kwa hasira. Nina muda mwingi wa kukaa, na swali hili linakaa pamoja nami.

Wako,
Milojka

*

Kras, 4 Septemba 2022

Mdogo wangu Milojka,

Sijui nikuulize vipi hali yako wakati najua jibu. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nimekaa, kisha nimekwenda kwenye mizabibu nikarudi. Ilinichukua majuma kushika kalamu.

Hakuna paa. Hapakuwa na paa lolote. Wala mavuno hayangenizuia. Nilikudanganya, na sasa nakuandikia sababu, maana nami nimeshaitwa. Ni saratani ya ini, na imekwisha sambaa. Daktari hakutaja miezi nami sikumwomba ataje. Kabla sijaondoka nataka angalau mtu mmoja duniani awe na habari zangu za kweli, na mtu huyo ni wewe.

Unaikumbuka ile homa iliyozunguka dunia nzima? Niliipata, nikapona, nikajisifu. Lakini pua haikurudi. Mwanzo nilisema ni mafua, baadaye nikasema ni uzee. Ukweli ni kwamba sinusi kitu, Milojka. Ulimi unanipa chumvi, ukali, utamu na uchungu, basi. Kahawa kwangu ni uchungu mtupu. Ua waridi ni karatasi. Nilitengeneza divai mavuno mazima bila pua na sikumwambia mtu. Nilipima asidi, nikapima sukari, kila kitu kilikuwa sawa, nikasema kemia itatosha.

Siku ile ya osmica nilikuwa penye moto. Meza zilijaa, watu wakasifu nyama. Kisha wakaanza kuaga, mmoja mmoja, bado mchana. Ondina akapita mbele yangu na trei ya glasi anazipeleka kuoshwa. Nilizitazama. Zilikuwa zimejaa. Kila mtu alionja funda moja akaiacha yake palepale.

Wewe unaijua desturi yetu. Divai ya mwenye nyumba haisemwi vibaya ndani ya ua wake. Ukiikuta mbaya, unasifu nyama, unaiacha glasi, unaaga kwa adabu.

Nikamwuliza, "Ondina, divai ina nini?"

"Haina kitu, profesa. Watu wana magari, wanaogopa polisi."

"Na mzee Drejče aliyekuja kwa miguu?"

"Tumbo linamsumbua."

"Na mke wake?"

"Na yeye tumbo," akasema, akaingia ndani upesi ili nisimwone uso.

Ni ukungu wa pipa, bila shaka. Ule ukungu unaonuka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye maji. Hakuna karatasi ya maabara kwenye droo yangu inayoupima. Unapimwa kwa pua. Niliwapa watu wa kijiji kizima maji ya kitambaa, nikasimama pale nikitabasamu.

Sasa sikiliza sababu ya kukuzuia wewe. Nani alikuwa pua ya nyumba hii? Baba alikuwa akikushusha ghala la chini ukiwa na soksi za shule, anakusimamisha mbele ya mapipa, anakuambia, "Chagua." Ulikuwa ukichagua, naye anatia alama ya chaki bila kuonja. Mimi mkubwa, mwenye vitabu, nilikuwa nashika taa. Ulipopanda meli kwenda Australia nilisema sasa nami nitakuwa pua, na nilijifunza, nikawa si mbaya. Ungekuja masika, ungeshuka ghalani, ungevuta pumzi moja tu na kujua kila kitu. Niliona haya. Sikuwaonea haya wageni, nilikuonea haya wewe. Kwa sababu ya haya hiyo hatutaonana tena.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo linaloninyima usingizi. Nikishazikwa watu watarudi uani kwetu, kama tulivyofanya kwa baba na kwa mama, wale shingo ya kahawa na wanywe. Nyama nimekwisha iagiza kwa mchinjaji. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Ghalani nina mapipa mawili: teran mpya, na vitovska, ile nyeupe yetu, niliyoiacha na maganda yake mpaka ikapata rangi ya chai. Sijui lipi ni zima. Huenda yote yameoza. Nikimwuliza Ondina, ni tamu. Nikimwuliza padre, ni tamu sana. Wanajua naumwa, wananipenda, hawatasema.

Sitaki glasi zile zirudi tena zimejaa, nami nikiwa chini ya udongo, siwezi hata kuuliza kwa nini. Ni jambo dogo, najua. Ningekuuliza wewe. Wewe ungeniambia.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie vivyo hivyo.

Kaka yako,
Silvan

*

Geelong, 2 Oktoba 2022

Silvan,

Salamu baadaye.

Punda wewe. Profesa wa kemia, punda wa kijiji. Kwa ajili ya pua! Ulidhani ningefanya nini, nikupeleke polisi? Ningekaa jikoni kwako, ningekunywa maji ya kitambaa, ningekutukana kidogo, tungelia, tungekaanga mayai. Hilo ndilo nililolikosa. Mayai na wewe. Badala yake nina viatu vilivyo miguuni mwa mwanamke wa Kigiriki wa nyumba ya pili, anavitembezea mbwa.

Nimelia juma zima na Robi amejificha gereji.

Basi, hasira nimeiandika, na iko pale juu, isome kila ukitaka. Sasa nakujibu.

Pole, kaka yangu. Pole sana kwa ini. Unakula? Unapata mtu wa kukuwashia moto asubuhi? Maumivu yapo? Niandikie kweli, umeshaanza, usiache.

Na kuhusu mapipa. Unatafuta pua kwa watu wanaokupenda, ndiyo maana hupati. Mtafute asiyekupenda. Nenda kwa Lucijan.

Ndiyo, Lucijan Pertot. Mwalimu mwenzako shuleni, wa Kilatini, jirani wa ukuta. Yule aliyesimama uani mbele ya wageni wote akasema vitovska ya Gruden inanuka beberu, nawe ukamwonyesha lango, na tangu hapo mnapishana kanisani kama nguzo mbili. Desturi ilivunjwa, najua. Lakini, Silvan, ilikuwa inanuka beberu. Wewe mwenyewe uliniandikia baadaye kwamba uliimwaga usiku, usionekane. Katika kijiji chetu chote ni mtu mmoja tu aliyewahi kutuambia ukweli kuhusu divai yetu, na tukamfukuza.

Vaa koti. Nenda.

Mdogo wako, bado,
Milojka

*

Kras, 11 Desemba 2022

Mdogo wangu mpendwa,

Umeamkaje, na mkono wa kushoto unaendeleaje? Uliuliza, nami najibu kweli: nakula kidogo, Ondina ananiwashia moto, maumivu yapo lakini nina vidonge. Ngozi imeanza kuwa ya njano. Ondina anasema napendeza.

Nilivaa koti. Nilitia chupa ndogo mbili mifukoni, teran kulia, nyeupe kushoto, nikazunguka ukuta kwa fimbo. Njia ile ambayo ukirusha jiwe linafika ilinimaliza pumzi. Nikagonga. Akafungua, akanitazama tangu kofia mpaka viatu. Amekuwa mwembamba, nyusi zimekuwa kama nyasi.

"Umekuja kufia mlangoni kwangu?" akasema.

"Nimekuja unuse."

"Ninuse nini?"

"Divai. Pua yangu imekufa. Nami niko njiani kuifuata. Nataka kujua ipi inafaa kwa maziko."

Alishika kitasa. Nilidhani atafunga mlango. Akasema, "Ya nani, maziko?"

"Yangu, Lucijan. Ya nani tena?"

"Ingia. Unaingiza baridi."

Hakunipa kiti, nilikitwaa mwenyewe. Alileta glasi mbili za maji, maana mlevi wa vitabu hana glasi nyingine. Nikammiminia teran. Akainusa, akarudisha kichwa nyuma kama mtu aliyepigwa kofi.

"Silvan, hii ni soksi ya askari aliyevuka mto."

"Asante."

"Hii ni tambara la kupigia deki kanisa."

"Nimeelewa."

"Sijamaliza. Nimeisubiri siku hii miaka mingi, niache nimalize." Akanusa tena. "Panya. Panya mwenye huzuni."

Nikamwambia inatosha, na Mungu anisamehe, nikacheka mpaka ubavu ukauma. Tangu osmica ile hakuna mtu aliyeniheshimu namna hiyo.

Kisha nikammiminia nyeupe. Aliinusa. Akanywa kidogo, akatazama dirishani.

"Beberu?" nikauliza.

"Nyamaza."

Akanywa tena. Akasukuma glasi mbele nimwongezee. "Ulaaniwe," akasema. "Hii ni nzuri."

Nilimwambia basi tumekwama, kwa sababu nyama ya kahawa huliwa na teran. Baba alikuwa akisema hivyo, na babu kabla yake. Lucijan akaniangalia kama mwanafunzi aliyekosea kitenzi.

"Baba yako alibeba magunia mengi ya kahawa bandarini kuliko mtu yeyote wa Trieste, na namheshimu. Ila divai ya kulia nyama hiyo hakuijua. Nimekula nyama ile uani kwenu kabla hujanifukuza. Teran na kahawa vinagombana mdomoni. Unabaki kama umelamba msumari. Nyinyi mkauita ugomvi ule ladha ya nyumbani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa bado kwenye beberu. Uliniacha nifike mbali?"

Jumapili iliyofuata alikuja mwenyewe, kupitia lango, Ondina akadondosha sufuria. Tulichoma kipande kimoja cha shingo ili tujaribu. Mimi niliketi na blanketi nikitoa amri, yeye akashika koleo. Matawi ya mizabibu yawake mpaka yawe makaa ya kijivu. Nyama iwe na chumvi na kitunguu saumu tangu jana yake. Mafuta yake yaangalie chini kwanza. Kahawa ipakwe mwisho kabisa, nyama ikiwa karibu kuiva, upake, ugeuze, upake, ugeuze. Nilikuwa namweleza haya yote kwa sauti ya darasani wakati akipiga kelele, "Inaungua, profesa! Inaungua!" Moshi wa asali ulikuwa unanipanda usoni nami sikujua. Nilikuwa nimekaa ndani yake.

Aliokoa kipande. Tukala, na ile nyeupe. Kwangu ilikuwa chumvi, uchungu, kidogo utamu, kisha ukali safi unaofagia. Uchungu wa kahawa haukuongezeka, hilo hata ulimi wangu uliweza kuliona. Ulilala. Nikamwomba anieleze yaliyobaki.

"Inanuka nyama," akasema.

"Hilo tu?"

"Nilifundisha sarufi, Silvan. Sikufundisha ushairi."

Teran tuliimwaga, yeye akifungua bomba na mimi nikishika taa, kazi yangu ya zamani. Ilitiririka mpaka kwenye udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba na hukuweza kuona mahali inapoishia.

Milojka, nakuomba kitu, na ni cha mwisho. Choma shingo, kwa makaa, si kwa gesi. Fungua divai nyeupe yoyote iliyoiva na maganda yake, huko kwenu siku hizi wanayo. Halafu uniandikie harufu yake. Wewe unajua kusema. Niandikie yote.

Kaka yako,
Silvan

*

Geelong, 29 Januari 2023

Kaka yangu Silvan,

Nakusalimu kwa mkono mmoja na nusu. Vidonge unameza kwa wakati? Mwambie Lucijan nimecheka kwa ajili ya panya mpaka Robi akaniletea maji.

Tumefanya ulivyotaka. Robi alikwenda kwa mkulima wa zabibu akarudi na gari limejaa matawi makavu. Nilikaa kwenye kiti uani nikamwongoza, na hakuunguza. Naandika meza ikiwa bado haijasafishwa, mafuta yako kwenye karatasi, utayaona.

Mwanzo ni moshi wa mizabibu peke yake. Ni mkavu, hauumi macho. Ni harufu ya kabati la mama, pale alipokuwa anaweka mashuka pamoja na matufaha.

Kisha mafuta yanadondoka juu ya makaa. Hapo harufu inanenepa. Inatoka nje ya lango inakwenda kuita watu. Ni harufu ya kushuka kilimani kutoka kanisani, una njaa, umekatazwa kukimbia, nawe unakimbia.

Kisha kahawa. Usifikirie kahawa ya kikombe. Ni ile ya suruali ya baba. Anarudi jioni kutoka bandarini, anaweka mguu juu ya benchi, anakunjua ule mkunjo wa chini, na punje mbichi zinamwagika mezani, za Santos, za Mombasa, na vumbi la gunia, na jasho lake. Mama anazikusanya kwa kiganja, anazitia kwenye kikaango cheusi. Zinaanza na harufu ya majani mabichi, halafu mkate, halafu ghafla kahawa, nyumba nzima, mpaka kwenye nywele. Wewe ulikuwa unaniambia nikuachie uzungushe kikaango, nami sikukuachia.

Asali inaingia mwishoni, inakaribia kuungua lakini haiungui. Ni kama mtu mwenye hasira aliyeamua kunyamaza.

Na divai. Nimeishika puani muda mrefu kabla ya kunywa. Tufaha lililosahauliwa darini. Chai iliyopoa. Jiwe la ukuta wetu mvua inapoanza, lile tone la kwanza. Baada ya nyama haigombani na kahawa, inasogea karibu yake na kukaa. Lucijan amesema kweli. Baba alikosea, na sisi tuliokuwa tunatia alama ya chaki tulikosea pamoja naye. Sijaumia. Ningependa tu tungejua tukiwa mezani pamoja.

Je, umenusa?

Chagua nyeupe, Silvan. Mimi nimechagua. Tia alama.

Mdogo wako,
Milojka

*

Kras, 3 Machi 2023

Mdogo wangu Milojka,

Mwandiko huu ni wa Lucijan, wangu umekataa. Mimi nasema, yeye anaandika, na ananirekebisha sentensi ingawa nimemkataza.

Natumai barua hii inakukuta umeketi juani. Mimi niko kitandani, kimeletwa jikoni. Barua yako amenisomea. Anasoma vibaya, kama anayesahihisha, lakini alipofika kwenye suruali ya baba alipunguza mwendo.

Umeuliza kama nilinusa. Sikunusa kitu, Milojka. Nimekwisha acha kukudanganya. Lakini pale kwenye mkunjo wa suruali nililia, na Lucijan akasema ni moshi, ilhali jiko lilikuwa limezimika.

Chaki imetiwa. Ondina alishusha kiti ghalani, wakanibeba, nikaandika alama mwenyewe kwenye pipa la nyeupe. Imepinda.

Nimeagiza mezani patengwe mahali pako, na glasi yako imiminwe. Hakuna atakayeketi hapo.

Mayai, Milojka. Nayafikiria sana yale mayai.

Kaka yako,
Silvan

Bi Milojka,

Barua hii nimeichelewesha kwa makusudi, uniwie radhi, ili niongeze haya. Kaka yako alifariki tarehe kumi na nne, asubuhi, Ondina akiwasha moto. Tulimzika Ijumaa. Upepo ulikuwa mkali na padre alifupisha, jambo ambalo marehemu angelifurahia.

Shingo niliichoma mimi. Kipande kimoja kiliungua, hicho nilikila mwenyewe.

Alikuwa ameniapisha nisimame kwenye mlango wa jikoni wakati Ondina anapitisha trei, nikague. Nilisimama. Glasi zilirudi tupu, zote, hata ya mke wa Drejče mwenye tumbo. Watu walikaa mpaka giza likaingia, na waliimba, vibaya sana.

Ilibaki moja tu imejaa, ile yako, mahali pako. Waliaga wakaiacha, kwa heshima. Mimi sikuweza kuona glasi imejaa katika ua ule. Niliinywa nimesimama.

Ilikuwa nzuri. Isingekuwa nzuri, unajua ningekuambia.

Jirani wa ukuta,
Lucijan Pertot